Karavani ya Safiyo

Shurie alinitumia maneno kupitia kwa Korane, dereva wa lori la mbuzi, na Korane hajui kunong'ona. Aliyatoa yote mbele ya wateja wangu, pale hotelini kwangu karibu na daraja la Garissa. Alisema Shurie wa Kutulo ananisalimu sana, arusi ya mwanawe Dagane na Safiyo wangu iko palepale, na nisijisumbue kabisa na habari ya nyumba, kwa maana anajua mafuriko yalitumaliza. Msichana ataingia katika nyumba yake ndogo yeye Shurie, ile anayowekea ngozi na vyombo. Atakaa humo mpaka Mungu afungue mlango mwingine.

Wateja wakasema mama huyo ana roho nzuri. Mimi nilikuwa nikimimina chai, nikaimwaga nje ya kikombe.

Asiyejua mambo yetu atashangaa nilikasirikia nini. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mama wa bibi arusi na dada zake ndio wanaomjengea: miti ya kupinda, na mikeka iliyosukwa kwa nyuzi za magome wanazozitafuna mpaka ufizi unauma. Akiolewa, nyumba hiyo hufunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia, na mwanamke mwenyewe hushika kamba ya ngamia akatangulia mbele. Siku wakikosana, mume ndiye anayechukua fimbo yake akatoka. Sasa mwanamke anayekaa katika nyumba ya mama mkwe, siku ya ugomvi nani atatoka? Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sawa, lakini nilikuwa nimeapa kwamba kamba ya Safiyo ataishika Safiyo mwenyewe.

Mama yake alikuwa dada yangu Maka, Mungu amrehemu. Maka alianza kusuka mikeka ya nyumba ya binti yake tangu binti akiwa anatambaa. Alifariki kabla hajamaliza, shangazi za Safiyo wa Wajir wakaendelea, kisha mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba zikaja zikachukua mikeka, miti, mbuzi na kila kitu. Alisalia ngamia mmoja wa mzigo, kwa sababu alikuwa mlimani anajilia zake. Kusuka upya ni kazi ya misimu, na arusi ilikuwa mwezi unaofuata.

Lakini nyuma ya hoteli yangu kulikuwa na nyumba.

Ilikuwa karavani, nyumba ya bati jeupe yenye magurudumu mawili, madirisha, kitanda na mlango wa kufuli. Wapima barabara walilala humo kwa muda mrefu, mimi nikawapikia, na walipohamishiwa kwingine waliniachia kwa shukrani. Nilikuwa nikiweka makaa humo. Usiku ule niliitazama kwa macho mapya. Asubuhi nikaanza kuisugua, na nikamwita Adow.

Adow ni mtoto wa baba yangu mdogo. Alikulia katika gereji za Garissa na hupenda kuzungumza Kiswahili hata na Msomali mwenzake, ingawa kuvuta kwake ni kufuta na punguza ni bunguza. Ana Landrova kuukuu ambayo anaipenda kuliko tumbo lake. Hakuwahi kukokota kitu chochote maishani mwake, ila alichomelea chuma cha kuunganishia nyuma ya gari kwa siku moja tu, akasimama mbali akakiangalia.

"Abaayo," akaniambia, yaani dada, "hii kitu iko na nguvu. Hata meli nafuta."

Garissa hadi Wajir tulikwenda nyuma ya malori ya msafara, karavani ikiwa tupu, na haikutusumbua hata kidogo. Ilitufuata kwa adabu. Watu wa Modogashe walitoka kuitazama, na Adow akawa anapiga honi bila sababu. Nilimwambia aache maringo, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimetoa kiwiko dirishani.

Wajir ndiko alikokuwa Safiyo, kwa shangazi zake. Alipoona nyumba yenyewe aliizunguka mara mbili, akagonga bati kwa kidole, akauliza kwa sauti ndogo kama kweli ni yake. Nikampa ufunguo. Safiyo ni msichana mpole, mpole kupita kiasi kwa mtu anayekwenda kuishi jirani na Shurie, na jambo hilo lilikuwa likininyima usingizi.

Shangazi zake hawakukubali nyumba iende tupu. Walileta magudulia ya maziwa, ngozi, chetezo, gunia la sukari, magunia ya mchele, sufuria za arusi, na mapipa ya maji kwa sababu njia ya huko haina visima vya kutegemewa. Kupakia nilisimamia mimi. Nimepakia ngamia tangu utotoni, na sheria ya kwanza ya kupakia ngamia ni kwamba upande wa kushoto uwe sawa na wa kulia, la sivyo mzigo utapinduka. Kwa hiyo gunia likiingia kushoto, gunia jingine liliingia kulia. Sheria ya pili ni kwamba ngamia hapakiwi shingoni. Shingo iachwe wazi, uzito ukae nyuma. Mbele ya karavani, kwenye ule mkono wa chuma unaoshikana na gari, nikaona ndiyo shingo. Basi mapipa yote ya maji na magunia yote ya mchele niliyapanga nyuma kabisa, dhidi ya ukuta wa mwisho, kushoto na kulia sawasawa. Shangazi zake walisema hawajaona mzigo uliokaa vizuri hivyo. Adow akaniuliza kama nina hakika.

"Wewe endesha gari," nikamwambia. "Mzigo niachie mimi."

Yule ngamia wa Maka walikuwa wamemtanguliza Kutulo kwa miguu, aingie boma kama mali ya Safiyo. Sisi tukaondoka alfajiri, mimi na Safiyo mbele na Adow, shangazi wanne nyuma ya Landrova wakiimba.

Barabara ya kutoka Wajir kwenda Kutulo zamani ilikuwa imenyooka. Mvua zile ziliipinda. Kila mahali maji yalipochimba korongo, malori yalikata njia mpya kulizunguka, likatokea korongo jingine, wakalizunguka na hilo, mpaka njia ikawa inakwenda kulia, kushoto, nyuma kidogo, halafu mbele. Katika kona za kwanza nilihisi gari likitikiswa kutoka nyuma. Nikadhani ni mashimo. Katika kona zilizofuata, karavani ilikuwa ikienda kwake na sisi kwetu. Adow akikata kushoto, yenyewe inajitupa kulia, kisha inarudi kwa nguvu na kulivuta tako la gari. Usukani ulikuwa ukimcheza mkononi, naye alikuwa ametoa jasho ingawa jua lilikuwa bado changa. Shangazi wakaacha kuimba.

"Abaayo, hii nyumba nakataa," akasema.

"Bunguza mwendo," nikamjibu kwa lafudhi yake, maana nilikuwa na hasira.

Akapunguza, haikusaidia. Tulifika mahali ambapo njia inapinda ghafla ukingoni mwa korongo, Adow akakata kona, na nyumba ya Safiyo ikapeperuka. Ilifagia vichaka, ikatuvuta pembeni, na gurudumu moja likashuka ukingoni. Landrova ikasimama matairi yake ya nyuma yakigusa ardhi kwa shida. Ndani ya karavani sufuria ziliendelea kuanguka moja moja.

Hatujakaa sawa, nani akatokea nyuma yetu kama si Korane na lori lake. Alikuwa anakwenda Kutulo kuchukua mbuzi. Akashuka, akatazama, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema akiivuta kwa lori bati litararuka na ekseli itabaki korongoni, kwa hiyo afadhali tuiache palepale, fisi waishi humo. Lakini bibi arusi anaweza kumfikisha, nafasi ipo.

Safiyo akainuka na kifurushi chake. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Habaryar," akaniita, mama mdogo, kama anavyoniita siku zote, "imetosha. Shurie hajasema neno baya. Nitakaa katika nyumba yake. Wanawake wengine wamekaa, hawakufa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko lile korongo. Niliona maisha yake yote yamepangwa mbele yangu: anaamshwa na mwingine, anapikia jiko la mwingine, anaomba ruhusa kumkaribisha mgeni. Nilitamani kulia, na mimi nikitaka kulia huwa nagomba.

"Kaa chini," nikamwambia. "Ukipanda lori hilo utapanda juu ya maiti yangu."

Akakaa. Korane akasema haya, akapanda lori lake akaenda zake. Nilijua kabisa kwamba kabla ya adhuhuri Kutulo nzima itakuwa imesikia nyumba ya Safiyo iko shimoni.

Tukaanza kushusha mzigo ili kuipunguzia uzito. Adow alishika jeki na mawe, mimi nikalala kifudifudi mbele kuangalia ule mkono wa chuma, maana ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Shangazi wakawa wanabingirisha mapipa ya maji nje kupitia mlangoni. Pipa la kwanza likatoka. La pili lilipotoka, nilisikia springi za Landrova zikilia juu yangu, na gari likashuka. La tatu, likashuka zaidi. Nikatoka chini pale nikiwa na mchanga mdomoni, nikawaambia wasimame.

Mapipa yalikuwa nyuma ya karavani, na Landrova ndiyo iliyokuwa ikipumua. Maana yake nini? Maana yake nyuma ya nyumba ilipokuwa nzito, mbele yake ilikuwa ikinyanyuka na kuinyanyua Landrova pamoja nayo, gari likawa linachezea ardhi kwa vidole. Na kosa lilikuwa langu, nikaliona lote kwa mara moja hata nikacheka. Nilikuwa nimepakia karavani kana kwamba ndiyo ngamia. Karavani si ngamia. Ngamia ni Landrova, na nyumba ni mzigo wake, kama ilivyokuwa siku zote. Mzigo unaoning'inia nyuma ya ngamia lazima umwangushe. Mzigo humlalia.

"Adow," nikamwambia, "tulikuwa tunamfuta ngamia mkia."

Aliniangalia, akaangalia springi, akaangalia mapipa. "Wallahi," akasema, akaanza kucheka na yeye.

Tulipoiinua kwa jeki na kujaza mawe chini ya gurudumu, ilitoka korongoni bila kuraruka popote. Kisha tukapakia upya. Kushoto na kulia sawa, hiyo haibadiliki. Lakini mapipa na magunia yalikuja mbele kidogo ya magurudumu, mkono wa chuma ukaegemea juu ya gari, na nyuma tukaweka vitu vyepesi, ngozi na chetezo. Safiyo alikuwa akitazama kila kitu kinapowekwa. Machozi yalikuwa yamekauka.

Basi ndugu yangu, ungetuona baada ya hapo. Kona ikija, Landrova inakata, na nyumba inafuata palepale gari lilipopita. Kulia, kushoto, kuzunguka korongo, kupita kati ya migunga ambayo matawi yake yalisugua bati pande zote mbili. Adow alianza kuzitafuta kona. Shangazi waliimba tena, kwa sauti kuliko mwanzo, na mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Sijawahi kuolewa kwa furaha ya namna ile, na nimeolewa mara mbili.

Tuliingia Kutulo jua likiwa bado juu. Watu walikuwa wamekusanyika ng'ambo ya uwanja wa kunyweshea, kwa sababu Korane alikuwa amefanya kazi yake ya kutangaza. Walikuja kumpokea bibi arusi asiye na nyumba. Waliona Landrova inajitokeza kati ya vichaka na nyumba nyeupe ikiifuata, wakapigwa na butwaa. Korane aliingia ndani ya lori lake akafunga kioo.

Shurie akatoka mbele. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye heshima zake. Alitusalimu vizuri, akauliza habari za njia na za wagonjwa wote wa Garissa kwa majina. Kisha akaizunguka karavani polepole.

"Ni nyumba nzuri," akasema. "Ya nani?"

"Ya Safiyo," nikasema.

"Gari ni la nani?"

"La Adow."

"Kesho Adow atarudi Garissa na gari lake," akasema Shurie, na watu wote walikuwa wakisikiliza. "Mvua zikinyesha upande wa Elwak sisi tutahama, kama tunavyohama siku zote. Mwanamke asiyeweza kuhamisha nyumba yake hana nyumba, ana kibanda cha kuachwa. Atakuja kwangu tu. Mimi simchukii. Nasema lililopo."

Ubaya wa Shurie ni kwamba alikuwa anasema kweli. Mimi, Ugbad, ambaye mdomo wangu unajulikana kuanzia darajani mpaka soko la mifugo, nikainama kukagua tairi kama mnunuzi. Nilihisi aibu ikinipanda usoni mbele ya watu wale.

Ndipo Safiyo akashuka kwenye gari. Alijifunga shuka yake kiunoni, akamwambia Adow atenganishe karavani na gari. Adow akanitazama mimi.

"Usimtazame habaryar," Safiyo akasema. "Nyumba ni yangu."

Adow akatenganisha, akateremsha kile kigurudumu kidogo kilichoko chini ya mkono wa chuma. Safiyo akaenda mwenyewe bomani, akarudi anamwongoza ngamia wa mama yake. Alimpigisha magoti mbele ya nyumba. Alimvika matandiko, akavusha kamba kifuani mwake, kamba zilezile nene za kufungia nyumba, akazirudisha nyuma pande zote mbili na kuzifunga kwenye chuma, kushoto sawa na kulia. Halafu alifanya jambo ambalo sikumfundisha. Aliingia ndani, akawaita shangazi, akasogeza mapipa nyuma kidogo, yakakaa juu ya magurudumu kabisa, mpaka akaweza kuinua pua ya nyumba kwa mkono mmoja.

"Gari linataka kulaliwa," akanieleza kama vile mimi ndiye mgeni. "Ngamia huyu anavuta tu. Tusimpe uzito wa bure."

Akashika kamba ya ngamia, akatangulia mbele.

Ngamia hakutaka. Alisimama, akageuza shingo yake yote kuangalia kitu kilichofungwa nyuma yake, akalalamika kwa sauti. Watu wakaanza kucheka. Safiyo hakumpiga wala hakumvuta. Alimwimbia ule wimbo wa kuhamia ambao Maka alikuwa akiuimba siku za kuvunja boma, kwa sauti ileile nyembamba ya Maka, na mimi hapo nililia waziwazi mbele ya kila mtu. Ngamia akatega sikio. Akaegemea kamba. Shangazi wakasukuma kutoka nyuma, na magurudumu yakaanza kuzunguka juu ya ardhi ngumu ya Kutulo.

Hakuna aliyecheka tena. Safiyo alipita na nyumba yake mbele ya watu wote, mgongo umenyooka, kamba mkononi. Alipita mbele ya nyumba kubwa ya Shurie. Alipita mbele ya ile nyumba ndogo ya ngozi na vyombo, hakugeuza hata jicho. Njia ya bomani inapinda kati ya zizi la mbuzi na la kondoo, na hapo niliziba macho, lakini ngamia alipinda na nyumba ikapinda naye. Binti za Shurie walikuwa wameacha kusimama na mama yao. Walikuwa nyuma wakisukuma pamoja na shangazi zetu. Dagane, bwana arusi, alitaka kuja kusaidia, wanaume wenzake wakamshika mkono, kwani hiyo si kazi yake na haitakuwa kazi yake kamwe. Alibaki amesimama pale akitabasamu peke yake.

Safiyo alipita mahali alipokuwa ametengewa, karibu na jiko la Shurie. Alipanda mpaka kwenye ardhi iliyoinuka, penye upepo, akampigisha ngamia magoti. Alichagua mlango utazame wapi. Aliweka mawe chini ya magurudumu kwa mkono wake mwenyewe.

Sikuwahi kuona fahari kama ile. Tuliingia ndani, mimi na yeye, tukapanga ngozi kitandani na kuwasha chetezo, mlango tumeuacha umerudishwa tu. Nikasikia nyayo zikija. Zilisimama nje.

"Asalaam aleykum, wenye nyumba," ikasema sauti ya Shurie.

Nilitaka kujibu. Safiyo akaniwekea mkono begani, akaendelea kukunjua mkeka.

"Asalaam aleykum, wenye nyumba."

Safiyo alinyoosha pembe ya mkeka, akaipapasa mpaka ikalala. Mtu hubisha hodi mara tatu, ndiyo sheria, na asipojibiwa hurudi alikotoka. Shurie alijua, na sisi tulijua. Akakohoa, akaitoa salamu ya tatu polepole, kikamilifu, pamoja na rehema na baraka zake zote.

"Waaleykum salaam," Safiyo akajibu, akamwita shangazi kwa heshima ya kwetu. "Karibu ndani, eeddo. Vua viatu."